Mwenye Ufunguo wa Kabati

Mhadhara kwa wanafunzi wa fani za afya, Shinyanga



Niliombwa nizungumzie madhara ya dawa za kulevya kwa vijana. Mhadhara huo mmeusikia tangu shule ya msingi, na picha zake mnazijua: teja wa Dar es Salaam amelala chini ya ukuta, udenda unamtoka, bomba la sindano liko pembeni. Mwanafunzi akiiona picha ile humshukuru Mungu kwamba yeye si yule, kisha anarudi bwenini na vidonge vyake mfukoni. Picha haimhusu. Yeye ana koti jeupe, matokeo yake ni mazuri, na dozi anaijua.

Hilo la dozi ndilo lililonileta hapa. Mwanafunzi wa afya anatofautiana na kijana mwingine yeyote anayetumia kilevi kwa sababu yeye amefundishwa. Anajua kwamba kidonge cha tramadoli cha miligramu 50 huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi. Anajua kwamba mtu mzima asivuke miligramu 400 kwa siku, na anaweza kukutajia dawa zisizochanganywa nayo. Sisi walimu wake tunauchukulia ujuzi huo kuwa kinga. Mimi nasema kwamba kwa mtu aliyechoka, saa tisa ya usiku, ujuzi huo ndio unaomfungulia mlango, kwa kuwa unamwondolea woga huku hatari imebaki palepale.

Tuanze na mahali tulipo. Ukitoka Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ukashika njia ya magharibi kupitia Kahama na Bulyanhulu mpaka Geita, Katoro na Nyarugusu, muda wote unakanyaga mali. Mgodi mkubwa una geti, walinzi na taratibu za kumpima mfanyakazi kama amelewa. Mchimbaji mdogo hana geti. Kijana anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, mara nyingi halipwi mshahara, anagawiwa mawe. Mifuko ikitoka na dhahabu, amepata. Isipotoka, ametoa jasho bure. Siku aliyolala kwa maumivu ya mgongo ni siku ambayo wenzake wamegawana bila yeye. Na kule chini kuna joto, giza na hofu ya kifusi. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja mkoani Geita wakaokolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Nchi nzima ilishangilia, maana tumezoea kusikia habari ya namna nyingine.

Kwa hiyo anayeshuka humeza kitu kwanza. Gongo ipo tangu zamani. Vilikuwapo viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyoenea vizuri kwenye mfuko wa suruali, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Bangi haikosekani, maana Tarime si mbali. Siku hizi vimeingia vidonge vya maumivu vinavyouzwa bila cheti. Hapo msidhani tumebuni jambo jipya. Katika Afrika Magharibi tramadoli imekuwa chombo cha kazi kwa wachimbaji, madereva, wabeba mizigo na wakulima.

Kisa cha jirani zao wa Kameruni nakipenda, niruhusuni nikisimulie. Mwaka 2013 kikundi cha watafiti kilitangaza kwamba kimeikuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti wa dawa uitwao Nauclea latifolia, kaskazini mwa nchi ile. Hii ni dawa iliyotengenezwa maabara nchini Ujerumani katika miaka ya 1960, na sasa inasemekana Mungu alikuwa ameshaiweka mtini. Watu walifurahi sana. Mwaka uliofuata watafiti wengine, kutoka Dortmund, walikwenda kuchunguza eneo lilelile wakaja na maelezo tofauti. Walisema wakulima wa huko wanaimeza kwa wingi ili wavumilie jua, tena wanawapa na ng'ombe wa kulimia ili wavute jembe bila kuchoka. Dawa inatoka kwenye mkojo na samadi, inaingia ardhini, mizizi inainywa. Kikundi cha kwanza hakikukubali, na mabishano yakaendelea. Lakini ninyi watoto wa Usukuma, mliolimia plau nyuma ya maksai, hamhitaji maabara kuelewa maana ya ng'ombe anayepewa dawa ili asisikie kwamba amechoka. Uchovu wake haujaondoka. Taarifa ndiyo iliyozuiwa isimfikie.

Sasa mtazameni mwanafunzi aliye field, kwenye mafunzo kwa vitendo. Amepangwa wodi ya majeruhi, zamu ya usiku, katika hospitali ambayo muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wa wauguzi watatu. Mshahara hana. Bumu, ile fedha ya mkopo, limechelewa, kama analo. Asubuhi kuna kitabu cha kumbukumbu cha kujazwa na msimamizi wa kutia saini, ambaye haonekani. Wiki ijayo kuna mtihani; akifeli ni sup, yaani mtihani wa marudio, akifeli sup anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na nyumbani waliuza ng'ombe ili aje hapa. Huyu na mchimbaji wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wanashuka usiku bila ujira, wakitumainia kitu kitakachopatikana mbele ya safari. Na wanakutana kwenye duka la dawa muhimu lilelile. Wakati mwingine anayeuza ni mwanafunzi mwenzenu, amejishikiza pale apate hela ya chakula.

Wengine wanaanza na mirungi ili wasome. Mirungi ni haramu kwetu ingawa jirani zetu Kenya wanaiuza sokoni, na kemikali yake kuu, kathinoni, huanza kupoteza nguvu mara jani likatwapo. Ndiyo maana inafungwa kwenye majani ya mgomba na kusafirishwa mbio. Inayofika huku imekwisha kusafiri sana, kwa hiyo mtafunaji anaongeza. Anakesha kweli. Kunapokucha usingizi unakataa, na mwanafunzi wa afya, tofauti na dereva wa lori, anajua jina la dawa ya kuuleta: diazepamu. Jioni anaamka mzito, zamu inaanza, kichwa kinagonga. Anajua dawa ya hilo pia. Kila hatua ina sababu yake ya kitabibu, na angeulizwa angeieleza vizuri kuliko mimi.

Kitabu, hata hivyo, hakilijui ini lako. Tramadoli unayoimeza haijakamilika. Kimeng'enya kimoja cha ini ndicho kinachoibadilisha kuwa kitu chenye nguvu kubwa zaidi ya kutuliza maumivu na kulevya, na kimeng'enya hicho hakilingani kati ya mtu na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni inayokitengeneza. Hao wakimeza kidonge kimoja, ini lao linawapa zaidi ya walichomeza. Tafiti zilizofanywa kwa Watanzania miaka hiyohiyo zikaonyesha kwamba wengi wetu tuna kimeng'enya kinachokwenda polepole. Mtu wa aina hiyo anameza viwili asisikie kitu, anaongeza viwili, na dawa isiyobadilishwa inajirundika mwilini. Dawa hiyo inaweza kuleta degedege, hata kwa dozi ambayo kitabu kinairuhusu, hasa kwa anayetumia pia amitriptilini. Nani kati yenu aliyewahi kupimwa jeni zake? Basi hakuna anayeijua dozi. Mnachokijua ni wastani wa watu wa mahali pengine.

Ukiongeza diazepamu na bia mbili, mahesabu yanavurugika kabisa. Vitu hivyo vitatu vinakutana katika sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi. Wanaokufa kwa mchanganyiko huo hawakuwa wajinga. Waliacha kupumua wakiwa usingizini, na wengine walikuwa wamekunywa kiasi cha kawaida cha kila kimoja.

Nimezungumza kama vile yote ni shida na uchovu. Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki wazungumzaji wengi wanaikwepa kwa sababu ya heshima. Kilevi kinapendeza. Kisingependeza, mngekuwa mmelala saa hii. Tena watu wa fani yetu wamekuwa na mapenzi nacho tangu zamani. Mwaka 1842, katika mji mdogo wa Jefferson, Georgia, daktari kijana aitwaye Crawford Long alikuwa na desturi ya kukutana na marafiki kuvuta etha kwa starehe. Aliona kwamba baada ya sherehe walikuwa na michubuko ambayo hakuna aliyekumbuka kuipata. Tarehe 30 Machi mwaka ule alimvutisha mgonjwa etha, akamtoa uvimbe shingoni bila maumivu. Kwa hiyo ganzi ya upasuaji, ambayo kwayo mama anafanyiwa upasuaji Geita leo, ilipitia kwenye ulevi wa vijana. Sisemi hivyo ili niusifie. Horace Wells, daktari wa meno aliyekuwa katika mbio hizohizo za kutafuta ganzi, alizama katika klorofomu na kujiua jela, New York, mwaka 1848.

Lakini anayetuhusu zaidi ni William Halsted. Mwaka 1884 habari zilifika New York kwamba Karl Koller, huko Vienna, ametumia kokeini kulitia ganzi jicho. Halsted, daktari wa upasuaji aliyekuwa juu kuliko wote wa rika lake, alianza na wenzake kujidunga wao kwa wao ili kujua jinsi ya kuutia ganzi mshipa mmoja wa fahamu. Walikuwa watafiti, na dozi waliipima kwa uangalifu. Wakanasa. Baadhi yao kokeini iliwamaliza. Halsted mwenyewe alilazwa hospitalini, akatoka na mofini mahali pa kokeini, rafiki zake wakampeleka Baltimore, ambako akawa profesa wa kwanza wa upasuaji wa Johns Hopkins. Glovu za mpira ndani ya chumba cha upasuaji zilienea kutokana na yeye. Na mfumo wa daktari anayejifunza kuishi hospitalini, akiwa kazini mchana na usiku kwa miaka, ulijengwa na yeye. Tafakarini hilo: desturi ya kukesha inayowasukuma wengi kwenye vidonge tumeirithi kutoka kwa mtu aliyekuwa akitumia. Rafiki yake William Osler aliandika habari hizo katika kijitabu kilichofungwa kisifunguliwe, na kilipofunguliwa mwaka 1969, miaka 47 baada ya kifo cha Halsted, ndipo ilipojulikana kwamba mofini hakuiacha haraka kama ilivyodhaniwa.

Turudi wodini. Kila mmoja wenu aliyekwenda field anakijua kitu tunachokiita kabati la DDA. Jina limebaki kutoka sheria ya zamani ya dawa za hatari. Sheria yenyewe imekwisha kubadilishwa, ya sasa ni ya mwaka 2015 na ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kabati liko ndani ya kabati, lina kufuli mbili, ufunguo uko kwa muuguzi wa zamu. Pembeni kuna rejista: jina la mgonjwa, dozi, saa, aliyetoa, aliyeshuhudia, zilizobaki. Ampuli tupu zinarudishwa na kuhesabiwa. Mwanafunzi anafundishwa kuijaza rejista hiyo. Mara chache sana anaambiwa kwa nini ipo.

Ipo kwa sababu wizi wa kabatini una mgonjwa ndani yake. Kijana anayevuta bangi nyuma ya bweni anajiumiza mwenyewe na pengine wazazi wake. Aliye na ufunguo akichukua pethidini, anahitaji kuifidia kwenye hesabu, na njia rahisi ni kuchukua ya mtu. Mchimbaji aliyevunjika paja analetwa kutoka Nyarugusu, anaandikiwa miligramu 100, anadungwa 50, au anadungwa maji. Analia usiku kucha. Asubuhi tunaandika kwamba mgonjwa ni msumbufu. Katika dunia hii kuna wezi wengi ninaoweza kuwaelewa. Huyu, na anisamehe, inanichukua muda.

Na wizi huo unapanda ngazi. Kila ampuli zinapopotea, mkubwa fulani anaamua kwamba dawa hizo zisipelekwe vituo vidogo. Mnaifahamu ketamini. Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika ndiyo inayowezesha upasuaji pale ambapo hakuna mashine wala daktari bingwa wa usingizi, maana mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Mwaka 2015, huko Vienna, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipelekewa pendekezo la China la kuiweka ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa kuwa vijana wa Asia walikuwa wakiivuta kwenye kumbi za dansi. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likisema kwamba nchi maskini zitakosa ganzi, na uamuzi ukaahirishwa. Starehe ya ukumbi wa dansi ilikaribia kufunga chumba cha upasuaji cha wilaya. Mwanafunzi anayeiba ketamini hapa kwetu anawaandikia hoja wale waliotaka ifungiwe.

Linganisheni na Uganda. Anne Merriman alianzisha huduma ya hospisi Kampala mwaka 1993, na mofini ya maji ya kunywa ikawa inawafikia wagonjwa wa saratani majumbani. Madaktari hawakutosha. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma hiyo kuandika mofini. Wenye hofu ya wizi walikuwa na sababu. Hata hivyo serikali ilimwamini muuguzi wa kijijini na ufunguo, na kwa sababu hiyo mtu anayekufa na saratani katika kijiji cha mbali anaweza kufa bila kupiga kelele. Uaminifu wa namna hiyo hauji kwa semina. Unajengwa na rejista moja baada ya nyingine, usiku ambao hakuna anayekutazama.

Tufanye nini na aliyekwisha kunasa? Hapa sikubaliani na vyuo vingi, na nalisema hili mbele ya wakuu wangu. Utaratibu uliozoeleka ni upekuzi, barua, kufukuzwa. Sheria inamtambua mtumiaji kuwa mhalifu. Mabaraza ya taaluma yanaweza kumfungia njia ya usajili kabla hata hajaupata. Matokeo yake, anayejua kwamba ana tatizo hatamwambia mtu yeyote, na wenzake wa chumbani hawatamsema kwa sababu kumsema ni kumfukuzisha. Tunambakiza wodini akiwa na ufunguo, na tunaita hiyo nidhamu.

Kuna njia nyingine na imepimwa. Huko Marekani majimbo mengi yana mpango wa pekee kwa madaktari wenye uraibu: daktari anajisalimisha au anapelekwa, anaacha kazi kwa muda, anatibiwa, kisha anarudi chini ya uangalizi na vipimo vya mkojo vya kushtukiza kwa miaka mitano. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia madaktari 802 wa mipango hiyo. Baada ya miaka mitano, 631 kati yao walikuwa na leseni na walikuwa kazini. Idadi hiyo ingemfurahisha daktari yeyote wa kisukari, ambaye naye hutibu ugonjwa wa kudumu. Mpango huo si wa huruma tupu, kwa maana anayekataa kipimo anaweza kupoteza leseni, lakini unampa mtu sababu ya kusema.

Vyuo vya kanda hii havihitaji fedha za Marekani kwa hilo. Vinahitaji mtu mmoja ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea na ambaye hakai kwenye kamati ya nidhamu. Vinahitaji kanuni iliyoandikwa kwamba anayejitokeza mwenyewe anaahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, hafukuzwi, na kwamba hagusi kabati mpaka atakapothibitishwa kuwa amepona. Na vinahitaji kupunguza zamu za usiku kwa anayetakiwa kuwa darasani asubuhi, jambo ambalo walimu hatupendi kulisikia kwa sababu sisi wenyewe tulikesha na tunaona fahari.

Kwa aliyenasa katika heroini, matibabu ya methadoni yalianza Muhimbili Februari 2011 na baadaye yakafika Mwanza, katika hospitali ya Sekou Toure. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko kwa anayetoka Geita, lakini methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mtoa huduma, na daraja halimwezeshi mtu kusafiri kila siku kutoka Katoro. Huduma hiyo inahitajika ndani ya ukanda wa dhahabu wenyewe, na mnaohitimu mwaka huu ndio mtakaoiendesha.

Najua swali litakaloulizwa nje, maana huulizwa nje kila mara na si ukumbini: nikimkuta mwenzangu kwenye zamu amelegea, nifanye nini? Mtikise, mwite, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chache, mlaze ubavu, mpe hewa ya oksijeni na mwite daktari. Naloksoni itamsaidia apumue, ila mkumbushe daktari kama ni tramadoli, kwa sababu degedege inaweza kufuata. Chukua ufunguo mfukoni mwake, mpe msimamizi wa zamu, mhesabu ampuli mkiwa wawili na muandike idadi mnayoiona. Usimfunike kwenye rejista. Kesho yake nenda naye kwa yule mtu asiye wa kamati ya nidhamu. Kama chuo chako hakina mtu huyo, njoo uniambie, maana nitakuwa hapa mpaka jioni na Mkuu wa Chuo ameketi pale mbele.